Gari Lililokataa Kulala

…na namba haishuki, sufuri nukta sita moja, sufuri nukta sita, sufuri nukta sita moja tena, inacheza pale pale kama mtoto aliyekatazwa kutoka uani, na Muthomi amesimama mbele ya boneti iliyo wazi, mikono nyuma, hagusi kitu, hata kupumua anapumua kwa adabu, kwa sababu Abdimajid, fundi wa umeme wa magari pale mjini Meru aliyemwazima hii mita ya kupimia umeme, alimwambia, mwalimu, hii gari yako ya kubonyeza kitufe si kama zile za zamani, ukizima injini yenyewe bado iko macho, funga milango, lock na ufunguo, halafu iache dakika ishirini ilale, ukigusa mlango umeiamsha, unaanza upya, na ikilala mita itasoma sufuri nukta sufuri tatu, hiyo ni pumzi tu, haiwezi kumaliza betri, lakini ikikataa kushuka, ujue kuna kitu kinanyonya… na sasa ishirini zimepita, thelathini zimepita, saa nne na robo hii, jua limeshapanda juu ya migomba, na gari liko macho, linainyonya betri ya tatu tangu Aprili, limeegeshwa, limefungwa, halina redio inayolia, halina taa inayowaka, halina mtu… mtu, enhe, hapo ndipo penyewe, maana kule getini kuna mtu, hatua hamsini kutoka hapa, ameinama anafunga godoro kwa mpira wa tyubu, na mtu huyo ni Runji, ndugu yake wa tumbo moja, kitinda mimba wa Mama, anayengoja bodaboda imtoe hapa Kanyakine akapande gari la kwenda Kiirua, akaendeshe trekta katika mashamba ya ngano ya watu, na asubuhi walipopishana kisimani hakusema hata muga, salamu ambayo hapa hupewa hata mtu usiyemjua… aende, nani amemshika, afunge godoro lake vizuri, lakini kabla hajapanda hiyo pikipiki Muthomi atakuwa amekipata kitu hicho, waya aliouchomeka, chaja aliyoificha chini ya kiti, ufunguo wa pili aliouchongesha, chochote, atakiinua juu Mama akione, maana kinachomkera Muthomi zaidi ya betri tatu ni jinsi Mama anavyomtazama tangu Ijumaa ile nyingine alipofika nyumbani.

Yeye ni mwalimu wa fizikia jamani, miaka kumi na saba sasa, kule Kianjokoma upande wa Embu, mtoto wa kidato cha pili akimletea sakiti ya balbu mbili atamwonyesha kosa hata kabla hajaketi, na hapa gari moja dogo, bluu, alilolinunua ili Mama asibebwe tena kwa pikipiki kwenda kliniki ya kisukari, linamfanya aonekane mjinga mbele ya migomba… amevuta fyuzi zote Jumamosi iliyopita, moja moja, ya redio, ya honi, ya taa za ndani, ya kiwashio cha sigara, akawa anairudisha moja ndipo avute nyingine, kama kitabu kinavyosema, na namba haikumpa jibu, mara ilishuka ilipovutwa ya redio, akashangilia, akairudisha na namba ikabaki chini, basi si redio, akavuta ya taa, ikapanda, ikapanda! nani amewahi kuvuta fyuzi umeme ukaongezeka, hii ni fizikia ya wapi… na Abdimajid naye alikaa na gari siku tatu katika uwanja wake, siku tatu mchana na usiku, asubuhi ya nne akabonyeza likanguruma mara moja, akampigia simu, mwalimu, gari yako haina ugonjwa, njoo uchukue, na Muthomi aliposhuka mjini alikuwa amekwisha kupata jibu lake, alilipata njiani, akalitoa pale pale mbele ya Abdimajid, si unaona, kwangu linakufa, kwako halifi, tofauti ni nini, tofauti ni Runji, kwako hakuna Runji… na Abdimajid akawa anasema kitu hapo, alikuwa na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi, anasema ngoja mwalimu, kwanza niulize, nyumbani huwa una… na Muthomi hakumngoja, alikuwa amepandwa na mori, alikuwa anamweleza habari za Aprili.

Aprili, haya, tuanze Aprili, hakuna anayeweza kusema Aprili haikutokea, mvua ile kubwa, Runji amemtoa Mama kliniki, amemshikia mwavuli mpaka mlangoni, amemvua viatu, amemwashia moto, halafu akaenda kulala akaacha taa ndogo za gari zinawaka mpaka asubuhi, betri ikafa, na alikubali, Muthomi lazima aseme ukweli, alikubali, alisema ni mimi, nilisahau, nisamehe bro… na wakati huo gari liliegeshwa kule chini, kwa nyumba ya Runji, ng’ambo ya mibuni, na ufunguo ulikaa kwa Runji, kwenye bati la kahawa juu ya kabati lake, sasa Muthomi akaja mbio kutoka Embu, akalitoa gari kule, akalileta hapa, akalibananisha na ukuta wa chumba cha Mama, chini ya dirisha, ili Mama asikie kila anayeligusa, na akaingia ndani na nyundo, akapigilia msumari wa inchi tatu juu ya kitanda cha Mama, akautundika ufunguo, akasema mbele ya Runji, kwa sauti ya darasani, kuanzia leo ufunguo unakaa hapa, Mama peke yake ndiye anautoa, akitoka nje anatoka nao, asiuache hata kwenda chooni… na Mama, mtu mzima wa miaka sabini na sita, Ciakuthii binti wa wazee wa heshima zao, akautii kama agizo la daktari, mpaka leo anaufunga kwenye kitambaa anauweka kifuani akitoka, akirudi anautundika, na unadhani gari lilitulia? ndipo lilipoanza! siku tatu limekufa, linaamshwa kwa betri ya jirani Mbaabu, siku tatu limekufa tena, na mtu mwenye akili zake angeelewa nini, si angeelewa kwamba aliyenyang’anywa ufunguo anatafuta njia nyingine ya kuingia, kusikiliza mpira redioni, kuchaji simu, au basi tu ni kiburi, liwe letu sote au life.

Mlango wa Mama unalia. Mama anatoka, leso kiunoni, mkono mmoja kifuani juu ya kile kitambaa, anapita nyuma ya gari bila kulitazama, anasema, kwa Kimeru, mwalimu, bado?… bado Mama… na huyu ndugu yako anaenda kweli… ni mtu mzima Mama, acha aende… na Mama anateremka polepole kwenda jikoni, kule nje nyuma ya zizi, ndala zake zinapiga papapa mpaka zinapotelea, kuku wanamfuata, na Muthomi anarudisha macho kwenye mita, na namba inashuka, sufuri nukta sita, sufuri nukta mbili, sufuri nukta moja, inasita, inashuka tena, sufuri nukta sufuri tatu, imelala! imelala jamani, hatimaye, dakika thelathini na nane, na anasimama kwa ncha za vidole asije akaliamsha, sasa ni kungoja tu, likiamka bila mtu kuligusa, basi ni waya, ni kitu kilichofichwa… na papo hapo, bila kuitwa, anarudi Jumanne ile, siku kumi na moja sasa, simu imelia saa kumi na moja na nusu alfajiri, Runji anahema, bro, Mama ameanguka, sukari imeshuka, hajibu, na gari haiwaki, nimebonyeza haiwaki hata taa, na nyuma ya sauti yake Muthomi alisikia jogoo wa nyumbani, jogoo yule yule mwenye sauti mbovu, na akaona boma lote akiwa kule Kianjokoma na soksi moja mguuni, na hakuweza kufanya kitu chochote, chochote, kilomita zote hizo… na Runji akamweka Mama mgongoni, akapita naye katikati ya mibuni yenye umande, mpaka barabarani, akasimamisha pikipiki ya maziwa, wakafika, daktari akasema mngechelewa nusu saa mngempoteza, na jioni Muthomi akapiga simu, si kusema asante, hapana, hofu aliyokaa nayo siku nzima mbele ya wanafunzi ilitaka mtu wa kumwangukia, akasema, akasema kwa Kimeru, maana neno kama lile mtu halisemi kwa lugha ya shule, akasema, ulitaka afe ili shamba libaki lako.

Runji akasema sawa. Sawa tu, na simu ikakatika, na tangu jioni ile hajala chakula cha chungu cha Mama, Mama anampelekea mukimo, unarudi na sahani yake, anampelekea nduma, zinarudi, anajipikia kwenye jiko lake la makaa kule chini, na katika nyumba hii mtoto asiyekula kwa mama yake na si mgonjwa, huyo amekwisha kuhama, godoro ni kumalizia tu, hata Kathure, mkewe Muthomi, alimwambia umekosea baba Kananu, lile neno lirudishe, naye akasema nitalirudisha nikipata ushahidi kuwa si yeye… ndala, papapa, Mama anarudi na vikombe viwili vya chai kwenye sinia, anakuja moja kwa moja mpaka kwenye boneti, shika mwalimu, haina sukari nyingi… na mita inaruka, sufuri nukta sita moja! Muthomi anatamani kuipiga teke, nani ameligusa, nani, hakuna aliyeligusa, anageuka getini, Runji yuko kule kule, amekalia godoro, mikono yote miwili inaonekana, hana simu, hana ufunguo, anatazama barabara… kunywa itapoa, anasema Mama, unagombana na nani… na hiki chuma Mama, kinanitukana… Mama anacheka kidogo, cheko lisilofika machoni, anachukua kikombe cha pili, anaanza safari ya kwenda getini, mkono mmoja na kikombe, mmoja kifuani, anapita mparachichi, anapita kamba ya nguo, na namba, angalia, namba inalegea, sufuri nukta nne, sufuri nukta moja, sufuri nukta sufuri tatu.

Muthomi anashusha kikombe chake chini bila kunywa. Kule Mama anamnyoshea Runji chai, Runji anasimama kwa heshima lakini anatikisa kichwa, sauti yake inafika vipande vipande, nimeshiba Mama… ya njia hii, kunywa… nitakunywa huko mbele Mama, usijali… na Mama anasimama na kikombe mkononi, halafu anakiweka juu ya nguzo ya geti, anasema jambo kuhusu baridi ya Kiirua, anageuka, anarudi, na Muthomi sasa hamtazami Runji, anamtazama Mama, anatazama mita, Mama, mita, kamba ya nguo, sufuri tatu, mparachichi, sufuri tatu bado, Mama anaingia mlango wake, pembeni ya gari, na mita inaruka, sufuri nukta sita, huko ndani sanduku linafunguliwa, Mama anaimba chini kwa chini wimbo wa kanisani, anatafuta blanketi, na mita iko juu, iko juu wakati wote anapotafuta, na Muthomi anajiambia hapana, mara moja haithibitishi kitu, mara mbili hazithibitishi, acha atoke… anatoka, blanketi la mistari begani, mkono kifuani, anakwenda, na namba inamfuata, inashuka naye hatua kwa hatua hadi kwenye kamba ya nguo na hapo inalala fofofo, na ndipo lile neno la Abdimajid, lile alilolikata katikati, linapojimalizia lenyewe masikioni, pamoja na mvuke wa chai ya ngamia, nyumbani huwa unaweka ufunguo wapi, mwalimu, kwa maana hizi gari na ufunguo wake huongea, ufunguo ukiwa karibu gari inafikiri wewe unakuja, haiwezi kulala, uweke mbali… alilisema, Muthomi alilisikia, sikio lilisikia, mdomo ndio ulikuwa na kazi nyingine, ulikuwa unamtaja Runji.

Ukuta. Upande huu gari, upande huu mwingine kitanda, na juu ya kitanda msumari wa inchi tatu, na kati ya msumari na gari ni tofali moja tu, si hata mita moja, na ufunguo unaning’inia hapo usiku kucha ukiliambia gari niko hapa, niko hapa, na gari linakesha kumngoja mtu ambaye haji, siku tatu, linakufa… na fyuzi zilizopanda na kushuka Jumamosi, hazikuwa fyuzi, ilikuwa Mama anakwenda kwa kuku na kurudi… na ng’ambo ya mibuni, kwa Runji, katika bati lile la kahawa, mwaka mzima na nusu, betri ilikufa mara moja tu, kwa taa, na aliyekosa alisema ni mimi, na kwa Abdimajid haikufa kwa sababu Abdimajid jioni hujiendea kwake na funguo zote mfukoni, tofauti haikuwa Runji, tofauti ilikuwa ufunguo, vitu viwili vilibadilika na yeye akahesabu kimoja, kile alichokitaka, kosa ambalo mtoto wa kidato cha pili angelipigiwa mstari mwekundu daftari zima… hakuna aliyechongesha ufunguo wa pili, hakuna waya, mchawi wa betri zote tatu alitoka Embu mbio na nyundo mkononi, akapigilia mwenyewe, mbele ya watu, na Jumanne ile alfajiri, Mama alipolala sakafuni hajibu na Runji akabonyeza na kubonyeza gari lililokufa, aliyeliua ni Muthomi, kwa mkono huu, na aliyembeba Mama mgongoni ndiye aliyeambiwa ulitaka afe.

Na jambo la kwanza linalomjia, Mungu amsamehe, ni kwamba hakuna mwingine anayejua, angeweza kuuhamisha ufunguo leo akautia kwenye kopo jikoni, kimya kimya, gari likapona, Runji akaenda zake, na watu wa hapa wangesema si mnaona, alipoondoka Runji gari limepona… wangesema hivyo, kila mtu, Mbaabu angelisema wa kwanza, na lingekuwa limekwisha, muhuri umepigwa, kijana akae Kiirua na jina hilo mpaka azeeke nalo… na Muthomi anaona jinsi lilivyo jepesi, jepesi kuliko spana namba kumi, na anaogopa, hajawahi kujiogopa hivi.

Huko barabarani pikipiki inanguruma, inapanda mlima kwa gia ndogo, bado haijaonekana. Getini Mama ameshamtandazia Runji blanketi mabegani mchana huu wa jua, na Runji ameliacha hapo, amelishika ncha, kitu cha kwanza alichokipokea siku kumi na moja, na wamesimama wawili bega kwa bega, ufunguo kifuani mwa Mama karibu na mkono wa Runji, na hapa gari limelala vizuri kabisa, sufuri nukta sufuri tatu, chai imepoa miguuni, boneti iko wazi, kila kitu kiko kama kilivyokuwa dakika kumi zilizopita, na Mama anageuka, anaweka kiganja juu ya macho, anaita kwa sauti ile ya kuitia watoto kutoka mtoni, mwalimu! umempata anayemaliza betri?… na Muthomi anajisikia akijibu, nimempata… nani?… na Runji naye anageuka sasa, kwa mara ya kwanza, anamtazama ndugu yake machoni, wala si kwa hasira, anamtazama tu kama mtu aliyechoka, na anangoja kusikia jina lake.